Msukumo wa benchini, msukumo wa ndegeni: shajara ya mradi

Jumamosi, 4 Januari 2025

Leo nimeanza. Nataka kuhesabu, na pale ninapoweza kupima kwa mkono wangu, injini ya jeti inabakiwa na msukumo kiasi gani ikishatolewa benchini, yaani kwenye jukwaa la kupimia ardhini, na kufungwa chini ya bawa.

Ninakaa Kipawa, jirani na Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere. Tangu utotoni nimesikia watu wakitaja nguvu ya injini kwa namba moja tu. Injini ya CFM56-7B inayosukuma Boeing 737-800, kwa mfano, inatajwa kwa kilonyutoni 117 katika toleo lake la 7B26. Namba hiyo ni ya kweli, ila ni ya injini iliyosimama, usawa wa bahari, hewa ya kawaida, mdomo wa majaribio mbele yake, na hakuna abiria anayesubiri kiyoyozi. Ukiifunga ndegeni inapata ganda, nguzo ya kuishikilia bawani, mdomo wa kuingizia hewa ulioumbwa kwa ajili ya safari, jenereta na mabomba ya kuchota hewa. Kila kimoja kati ya hivyo kinakata chake.

Maneno nitakayotumia humu ni haya. Mburuto ni kani ya hewa inayovuta nyuma. Msukumo ghafi ni kani ya gesi zinazotoka nyuma ya injini. Msukumo halisi ni ule unaobaki baada ya kulipia hewa iliyomezwa mbele. Tofauti yake ni kama ya mshahara ghafi na ule unaofika mkononi.

Nitakwenda kwa njia mbili. Moja ni karatasi ya Excel yenye hesabu za injini ya ukubwa wa CFM56-7B. Nyingine ni benchi dogo la feni ya umeme ya milimita 70, zile zinazofungwa kwenye modeli za ndege, ili nishike kwa mikono ninachokiandika kwenye karatasi. Feni si jeti, haina moto. Lakini inameza hewa mbele na kuitupa nyuma kwa kasi zaidi, na hilo ndilo ninalolitafuta.

Jumapili, 12 Januari

Hesabu ya kwanza imenikalisha kitako.

Nimechukua futi 35,000, Mach 0.8, yaani asilimia 80 ya kasi ya sauti. Kwa angahewa sanifu, uzito wa hewa huko ni kilo 0.380 kwa mita ya ujazo, na Mach 0.8 ni mita 237 kwa sekunde. Injini hii ikiwa benchini inameza takribani kilo 355 za hewa kwa sekunde. Nikiishusha namba hiyo kwa shinikizo na joto la juu huko, napata karibu kilo 140 kwa sekunde.

Sasa, hewa hiyo ilikuwa imetulia angani, ndege ikaja ikaifuata kwa kasi ya mita 237. Kuimeza maana yake ni kuibeba, na kuibeba kuna gharama: 140 mara 237, yaani kilonyutoni 33.2. Huu ni mburuto wa kumeza hewa, na benchini ni sifuri kwa sababu injini haiendi popote. Msukumo halisi nilioutumia kwa hali hii ni kilonyutoni 24.4. Maana yake msukumo ghafi ni 57.6.

Tazama namba hizo tatu zikiwa pamoja: 57.6 toa 33.2, unabaki na 24.4. Gharama ya kumeza ni kubwa kuliko kinachobaki mkononi! Injini inahangaika kwa 57.6 ili ndege ipate 24.4.

Mwenye duka lenye faida ndogo analijua jambo hili bila Excel: mauzo makubwa, manunuzi makubwa, faida ni ile tofauti nyembamba katikati, na kosa dogo upande mmoja linaila faida vibaya. Nozeli, yaani tundu la nyuma la kutolea gesi, ikipoteza asilimia 1 tu ya msukumo ghafi, ni kilonyutoni 0.58. Ukiigawa kwa 24.4, imeshakuwa asilimia 2.4 ya msukumo halisi. Ndiyo maana watu wa nozeli wanagombania robo ya asilimia, nami sasa nawaelewa.

Nimefanya na hesabu ya pembeni ambayo sikuipanga. Mkondo wa hewa unaoingia injini, ukiufuata hadi mbali mbele ambako bado haijaguswa, una upana gani? Katika safari ni mita 1.41 tu, wakati feni yenyewe ina kipenyo cha mita 1.55. Yaani mkondo ni mwembamba kuliko mdomo, na hewa inapokaribia inapungua kasi na kutanuka. Lakini ndege ikiwa ndiyo kwanza inaanza kukimbia kwenye njia, mita 10 kwa sekunde, mkondo huohuo unakuwa na upana wa mita 6. Mdomo mmoja unatakiwa ufanye kazi mbili zilizo mbali namna hiyo: kunyonya kama tarumbeta iliyogeuzwa wakati wa kuruka, na kupokea mkondo mwembamba kwa upole wakati wa safari. Ukingo mnene unafaa kwa kazi ya kwanza, ukingo mwembamba kwa ya pili. Kila ganda la injini unaloliona uwanjani ni maafikiano ya hizo mbili.

Ijumaa, 24 Januari

Benchi limesimama. Nimenunua Kariakoo kipande cha reli ya alumini ya dirisha la kusukuma, nikakitengenezea kigari cha mbao chenye beringi nne. Feni imefungwa juu ya kigari, mbele yake bomba la plastiki la inchi tatu lenye urefu wa shibiri moja. Kigari kikisukumwa kinagusa kihisi cha uzito nilichokichomoa ndani ya mizani ya jikoni. Betri najaza upya kabla ya kila jaribio, maana betri iliyochoka inadanganya kuliko mizani mbovu.

Jaribio la kwanza nimelifanyia stoo, mlango umefungwa kwa sababu ya kelele. Mizani ikaanza na gramu 840, halafu ikashuka yenyewe hadi 790 ndani ya sekunde chache. Nikadhani betri. Nikajaza, nikarudia, ikawa vilevile. Mwishowe nikaona vumbi la sakafuni likizunguka: feni inatupa hewa nyuma, hewa inagonga ukuta, inazunguka pembeni na kurudi mbele ikiwa tayari ina kasi. Feni yangu ilikuwa inameza hewa inayotembea. Mburuto wa kumeza niliousema kwamba benchini ni sifuri ulikuwa umeingia stoo kwa mlango wa nyuma.

Hili si la feni ndogo peke yake. Vyumba vya kupimia injini kubwa vina tatizo hilohilo, kwa sababu mlipuko wa hewa nyuma ya injini unavuta hewa nyingine ya chumba ipite pembeni mwa injini. Chukua kilo 355 kwa sekunde na hewa ya chumba inayotembea mita 10 kwa sekunde: ni kilonyutoni 3.55, karibu asilimia 3 ya zile 117. Chumba kinasoma pungufu kwa kiasi hicho, na kila chumba lazima kiwe na marekebisho yake kabla injini haijapewa cheti. Kwa hiyo hata msukumo wa benchini, ninaouita mahali pa kuanzia, ni namba iliyokwisha kufanyiwa hesabu.

Nimehamia uani. Sasa mizani imetulia kwenye 845. Kisha nikaona nguzo ya mbao niliyoiweka kushikilia nyaya imesimama ndani ya upepo wa nyuma. Upepo unaisukuma nguzo nyuma, nguzo imefungwa kwenye kigari, kwa hiyo kigari kinavutwa nyuma na upepo wake chenyewe. Nikaihamisha pembeni: 870. Gramu 25 zilikuwa zimeliwa na kipande cha mbao. Kwenye ndege kipande hicho ni nguzo ya kushikilia injini na sehemu ya bawa inayopanguswa na hewa ya feni. Injini inatoa msukumo wake kamili, halafu sehemu inarudishwa kwa kuisugua ndege yenyewe.

Kisha ukingo. Bomba langu lilikuwa limekatwa kwa msumeno, ukingo mkali. Nimechukua mpira wa kumwagilia bustani, nikaupasua kwa urefu, nikauvika kuzunguka mdomo wa bomba na kuubana kwa gundi. Unene wake ni kama dole gumba. Mizani: gramu 1,060. Feni ileile, betri ileile, bomba lilelile, na msukumo umepanda kwa zaidi ya asilimia 20 kwa kipande cha mpira.

Nilitaka kuona kwa macho kwa nini. Nikafunga uzi wa cherehani kwenye ncha ya kijiti na kuusogeza taratibu karibu na mdomo, nikiwa pembeni ya feni, siyo mbele yake. Mbele ya bomba uzi unanyooka kuelekea ndani, kama nilivyotarajia. Lakini nikiuweka pembeni, nyuma kidogo ya ukingo, unageuka kuelekea mbele, unapinda juu ya mpira na kuingia ndani. Hewa inatoka mpaka nyuma ya mdomo! Inapopinda kwenye ukingo wa mviringo inashika njia, na kwa kuwa inakimbia sana pale, shinikizo linashuka na ukingo unavutwa mbele. Sehemu ya msukumo ninaousoma inashikwa na mpira wenyewe. Kwenye ukingo mkali hewa haiwezi kupinda, inaachana na ukuta, na ndani ya bomba panabaki pete ya hewa iliyokwama inayoziba njia. Nikiingiza uzi pale ulikuwa unatetemeka ovyo bila kujua uelekee wapi.

Jumamosi, 8 Februari

Leo nimekosolewa, na ninashukuru.

Wiki mbili hizi nilikuwa nimerudi kwenye karatasi, kwenye sura ya mmwagiko. Mkondo wa mita 1.41 unakutana na mdomo mpana zaidi, kwa hiyo hewa isiyoingia inamwagika kuzunguka ukingo. Nikakisia mdomo wenye eneo la mita za mraba 2.0. Hewa inaingia pale ikiwa imepungua hadi Mach 0.5, kasi mita 154 kwa sekunde, na shinikizo limepanda kutoka kilopaskali 23.8 hadi 30.6. Ukijumlisha kani za shinikizo katika njia yote hiyo kabla ya kufika mdomoni, unapata kilonyutoni 1.9 zinazosukuma nyuma. Nikazikata kwenye msukumo. Kisha nikakata 0.7 nyingine za msuguano wa hewa juu ya ganda, niliyoipata kwa kukadiria mita za mraba 22 za ngozi. Jumla 2.6, zaidi ya asilimia 10 ya msukumo halisi.

Upande wa pili wa karatasi nina ndege ya tani 65 ambayo bawa lake linabeba mara 17 ya mburuto wake. Hiyo inahitaji kilonyutoni 37.5, yaani 18.75 kwa kila injini. Kabla ya makato, akiba ilikuwa 5.65 kwa injini, inayotosha kupanda mita 4.2 kwa sekunde. Baada ya makato, ndege yangu inapanda mita 2.3 tu. Nilikuwa nimeshaandika kwa wino mwekundu kwamba ufungaji wa injini unakula karibu nusu ya akiba ya kupandia.

Jirani yetu ni mzee aliyefanya kazi ya ufundi wa injini za ndege kwa miaka mingi, sasa amestaafu. Alikuja kuazima ngazi, akaniona na karatasi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hizo ndizo feni zinazotukosesha usingizi?"

Nikamwonyesha. Akasoma polepole, kidole juu ya kioo cha kompyuta, akasimama kwenye ile 17.

"Hii umeitoa wapi?"

Nikamwambia ni ya ndege nzima, makadirio ya kawaida kwa ndege za aina hii.

"Ndege nzima ikiwa na injini zake au imevuliwa injini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Ni ndege nzima, na maganda yake yote mawili.

"Basi ganda hili umelilipia nauli mara mbili. Limo kwenye mburuto wa ndege, na umelikata tena kwenye msukumo. Konda akikufanyia hivyo utakubali?"

Halafu akaniuliza jambo lililouma zaidi: hizo 1.9 za kabla ya mdomo, nimezitafutia mwenzake? Nikamwuliza mwenzake yupi. Akaelekeza kidole kwenye kipande cha mpira kwenye benchi langu.

Ndipo nikaona. Hewa inayomwagika inakimbia kuzunguka ukingo, shinikizo linashuka, na ukingo unavutwa mbele, kama uzi wa cherehani ulivyonionyesha mwezi uliopita. Kwa ukingo ulioumbwa vizuri, chini ya kasi ya sauti, mfyonzo huo unarudisha karibu zote zile 1.9. Mmwagiko unakuwa gharama kamili pale ukingo ni mkali, kama kwenye ndege za kasi kubwa kuliko sauti, au pale hewa inapoachana na ganda. Nilikuwa na ushahidi mezani kwangu, nao sikuupeleka kwenye karatasi.

Nimefuta wino mwekundu. Nimeandika kanuni juu ya karatasi, na kuanzia leo hesabu zote zinaifuata: kuna daftari mbili, la msukumo na la mburuto. Kila kani inaandikwa kwenye daftari moja tu. Kinachobadilika rubani anaposogeza mkono wa injini kinaingia daftari la msukumo. Kisichobadilika kinaingia daftari la mburuto. Na kwa vitu vinavyofanya yote mawili, kama mmwagiko, unachagua hali moja ya rejea, unaandika kiasi chake kwenye daftari la mburuto, na mabadiliko yoyote kutoka hapo yanaandikwa kwenye daftari la msukumo.

Kampuni inayotengeneza ndege na ile inayotengeneza injini ni mbili tofauti. Bila makubaliano ya daftari, kila mmoja anaweza kuwa mkweli kabisa na ndege bado ikakosa kasi iliyoahidiwa.

Jumanne, 18 Februari

Ndege iliyokosa kasi iliyoahidiwa ipo, nayo ni Convair 990 ya Marekani. Iliruka mara ya kwanza tarehe 24 Januari 1961. Ilikuwa imeuzwa kwa American Airlines kwa ahadi ya kuwa ndege ya abiria ya kasi kuliko wenzake, ikiwa na injini nne za General Electric CJ805-23 ambazo feni yake iko nyuma. Ilipopimwa angani ikaonekana haifikii. Mburuto ulikuwa mkubwa kuliko ilivyotarajiwa, na chanzo kimoja kikuu kilikuwa pale injini, nguzo zake na bawa vinapokutana. Hewa inayobanwa katika uchochoro ule inaongezeka kasi, inavuka kasi ya sauti, na inajenga wimbi la mshtuko. Injini haikuwa na kosa peke yake, bawa halikuwa na kosa peke yake. Walibadilisha nguzo na kuweka viungo laini, na mkataba ukabidi ujadiliwe upya.

Ninairudia habari hii kila nikisikia mtu anasema gharama ya kufunga injini ni kujumlisha tu mburuto wa ganda na mburuto wa bawa. Vikikaa karibu, vinazaa cha tatu.

Boeing 737 inaonyesha upande mwingine wa jambo hilo. Za kwanza za miaka ya 1960 zilikuwa na injini nyembamba za JT8D zilizobanwa chini kabisa ya bawa. Ilipofika 737-300 iliyoruka 1984, CFM56-3 ilikuwa nene mno kukaa pale, na magurudumu ni mafupi. Wakaisogeza mbele ya bawa, wakahamisha vifaa vya chini ya injini kuvipeleka pembeni, na ganda likabapa chini. Mdomo ule usio wa duara ndio unaoonekana hadi leo. Kwenye 737 MAX, injini ya LEAP-1B ina feni ya takribani mita 1.76, ikasogezwa mbele na juu zaidi. Feni kubwa inatumia mafuta vizuri zaidi benchini, lakini ganda lake lina ngozi zaidi ya kusuguliwa na linadai nafasi ambayo ndege haina. Kila milimita ya kipenyo inapitia daftari zote mbili.

Jumatano, 12 Machi

Mfungo umetukuta katikati ya mradi. Feni siwashi jioni, watu wako tarawehe, kwa hiyo ni karatasi tu.

Mada ya leo ni kuchota. Ndege nyingi huchukua hewa ya moto kutoka kwenye kompresa, sehemu ya injini inayoshindilia hewa, kwa ajili ya kabini na kuyeyusha barafu. Nilitaka kujua bei ya kilo moja kwa sekunde. Mburuto wa kuimeza tayari umelipwa: nyutoni 237, karibu asilimia 1 ya msukumo halisi, na hewa hiyo haitokei nozelini kulipa deni lake. Juu ya hapo kuna kazi iliyofanywa kuishindilia. Sehemu ndogo inarudi pale hewa ya kabini inapotolewa nje kuelekea nyuma, na hiyo nayo lazima iwe na mstari wake kwenye daftari.

Boeing 787 iliamua kutochota hewa ya kabini kutoka kwenye injini. Kila injini ina jenereta mbili za kilovolti-ampea 250, na kompresa za umeme zinashindilia hewa ya kabini kutoka nje. Kuyeyusha barafu kwenye mdomo wa injini bado ni kwa hewa ya moto. Air Tanzania inazirusha zikiwa na injini za Trent 1000, Kenya Airways zikiwa na injini za GEnx, na zote mbili zinafuata njia hiyo. Mzigo haujatoweka, umehamia kwenye shafti ya injini inayozungusha jenereta. Lakini unalipia kile unachokihitaji tu, badala ya kushindilia hewa kupita kiasi kisha kuipunguza kwa vali.

Nimeongeza ukurasa mmoja kwa sababu ya binamu yangu wa Nairobi aliyeuliza kwa nini ndege nzito huko zinatumia njia ndefu hivyo kuruka. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya bahari. Kwa nyuzi 25, uzito wa hewa pale ni asilimia 84 ya hewa ya Dar es Salaam kwa nyuzi 30. Feni inazungusha ujazo uleule ikiwa na kilo pungufu. Na bawa nalo linadai kasi kubwa zaidi kabla halijanyanyua, kwa hiyo hasara inapiga mara mbili.

Jumapili, 15 Juni

Masika yalitukalisha ndani Aprili na Mei. Leo tumepima benchi likiwa mwendoni, jambo nililolitaka tangu ile 12 Januari.

Mjomba ametoa pikapu. Tumekwenda Kigamboni alfajiri, kipande cha barabara kilichonyooka na kitupu, benchi limefungwa kwenye fremu ya mabomba juu kabisa ya kabini, pamoja na kipima upepo kwenye kimo kilekile cha feni, kwa sababu hewa inayopanda juu ya kabini haina kasi ya gari. Tulitafuta mita 15 kwa sekunde kwenye kipima upepo, siyo kwenye dashibodi. Kusi ilikuwa imeshaanza kuamka, kwa hiyo kila jaribio tulilifanya kwenda na kurudi. Mizani ilikuwa inarukaruka gramu 25 huku na huku. Nilichukua wastani.

Kabla ya kutoka nilikuwa nimeandika ninachokitegemea, ili nisije nikaipindisha hesabu baadaye. Uani feni inatoa gramu 1,060. Nikishikilia nguvu ya umeme ileile na kulipia mburuto wa kumeza, kwa mita 15 kwa sekunde inapaswa kubaki takribani 810.

Mizani ilisoma 690.

Pungufu ni 120, na najua sehemu ni mburuto wa kigari, nguzo na bomba. Kwa hiyo tukazima feni, tukapita tena kwa kasi ileile. Mburuto: gramu 180. Nikajumlisha 690 na 180, nikapata 870. Imezidi! Feni haiwezi kutoa zaidi ya inavyoruhusu fizikia kwa umeme nilioipa.

Tulikaa chini ya mnazi na chupa ya chai ya mjomba mpaka nikakumbuka daftari. Feni ikizimwa, mapanga yake yanaziba bomba. Hewa karibu yote inamwagika nje ya mdomo, na nyuma ya feni panabaki shimo la hewa iliyokufa. Nimepima mburuto wa bomba lililozibwa, wakati feni ikifanya kazi bomba halijazibwa. Hali yangu ya rejea ilikuwa ya kitu kingine kabisa. Kwenye handaki za upepo watu wanapima modeli ya ndege ikiwa na maganda yaliyo wazi mbele na nyuma, hewa ipite ndani moja kwa moja, na kwa hatua inayofuata wanafunga injini ndogo za hewa iliyoshindiliwa. Nilikuwa nimewahi kusoma hivyo bila kuelewa ni kwa ajili ya nini.

Nikafungua skrubu nne, nikachomoa feni, nikarudisha bomba tupu na mpira wake mahali pake. Tukapita tena, kwenda na kurudi. Gramu 118.

690 na 118 ni 808.

Mjomba aliuliza kama ni nzuri au mbaya, nikamwonyesha karatasi niliyoiandika alfajiri. Gramu 62 kati ya jibu sahihi na lisilo sahihi hazikutoka kwenye mizani wala kwenye feni. Zilitoka kwenye swali la mburuto gani uandikwe ukurasa gani.

Wiki ijayo: mita 20 kwa sekunde, na ukingo mkali tena ukiwa mwendoni. Uani ukingo huo ulikuwa mbaya sana, lakini mkondo ukishakuwa mwembamba nadhani tofauti itapungua. Nimeshaandika namba ninayoitegemea na kuibandika ndani ya kifuniko cha benchi.